Kajaga: Wajitoleaji Huandaliwa Kiangazi

Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa majira yanayojulikana. Mvua zinapoanza Septemba au Oktoba maji huanza kujaa polepole, hufikia kilele karibu na Aprili na Mei, kisha hupungua kiangazi chote. Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulioko Kalemie upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kukaushwa na jua na upepo. Kwa hiyo mwaka ambao mvua imezidi, kilichoingia hakitoki upesi. Maji hukaa juu kwa miezi, na msimu unaofuata huweza kuyakuta bado hayajashuka. Ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya 1960, na ndivyo ilivyokuwa tena 2021 na 2024. Kajaga, iliyoko kwenye njia ya kutoka Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo, imebanwa kati ya ziwa hilo na tambarare ya mto Rusizi. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo ukaizamisha Gatumba, jirani kabisa, ukawaacha makumi ya maelfu ya watu bila makazi. Siku chache kabla, mto Mulongwe ulikuwa umebomoa mitaa ya Uvira ng'ambo ya mpaka. Tarehe 16 Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba kwa pamoja msaada wa kimataifa, wakieleza kwamba tangu Septemba 2023 watu zaidi ya 200,000 nchini walikuwa wameathiriwa na mvua na mafuriko. Ninalodai katika safu hii ni hili: kwa janga la namna hii, lenye majira yake na lenye kukawia, wa kuandaliwa kwanza ni jirani wa Kajaga mwenyewe. Aandaliwe kiangazi, miezi kabla ya maji, na afundishwe zaidi kazi za wiki ya tatu na mwezi wa tatu kuliko kazi za saa ya kwanza.

Saa ya kwanza ndiyo inayopigwa picha: mtumbwi, kamba, mtoto aliyebebwa begani. Wala siidharau. Lakini saa hiyo ina wenyewe, nao ni watu waliopo pale pale. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 waliokuwamo walitoka hai. Hakuna aliyewaita, na hakuna ambaye angeweza kuwazuia. Hali hiyo hiyo ilionekana katika jiji la Mexico baada ya tetemeko la Septemba 1985: raia wasio na mafunzo waliwafukua watu wapatao 800 kutoka kwenye vifusi, na katika kazi hiyo wapatao 100 miongoni mwa waokoaji hao walipoteza maisha. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Ya kwanza inatuambia kwamba jirani ataingia hatarini, tumfunze tusimfunze. Ya pili inatuambia gharama ya kumwacha aingie bila kujua. Kwa hiyo mafunzo ya uokoaji Kajaga yanaweza kuwa mafupi, na yawe hasa ya kumlinda mwokoaji. Ajue kutembea ndani ya maji ya kahawia akitanguliza fimbo, kwa sababu chini yake kuna mashimo ya vyoo na mitaro isiyoonekana. Ajue kukaa mbali na waya wa umeme ulioanguka. Ajue pia kuhamisha watu kabla jua halijazama, kwa kuwa mbuga ya Rusizi iko karibu, na maji yanapopanda viboko na mamba huingia mitaani. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na anayekutana naye gizani, akiwa kati yake na maji, mara chache hupata nafasi ya pili.

Kazi kubwa huanza baada ya hapo, nayo haivutii macho. Katika viwanja vya mchanga vilivyo karibu na ufuko, maji ya ardhini hupanda pamoja na ziwa. Shimo la choo hujaa kutoka chini kabla barabara haijalowa, na uchafu huanza kutembea wakati wenye nyumba bado wanaona ua wao ni mkavu. Hii ni ardhi ya kipindupindu. Tambarare ya Rusizi na mitaa ya kaskazini ya Bujumbura imekuwa ikipigwa na ugonjwa huo mara kwa mara, na mlipuko mwingine ulitangazwa mwanzoni mwa Januari 2023. Basi swali la kwanza kwa anayejitolea hapa lisiwe kama anajua kuogelea. Aulizwe kama anajua kutibu maji ya kunywa, na wengi wanaodhani wanajua hawajui. Chukua bidoni la lita 20 lililojazwa maji ya Rusizi baada ya mvua. Ukitumbukiza tembe ya klorini moja kwa moja, tope hula dawa, na kinachobaki hakitoshi kuua vijidudu. Mama wa watu anapewa maji machafu yenye harufu ya usafi. Inatakiwa maji yaachwe yatulie, yamiminwe kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, tembe itiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, kwa sababu tembe zina ukubwa tofauti, kisha isubiriwe nusu saa. Halafu yapimwe. Kuna kifaa kidogo cha plastiki ambamo maji yenye klorini, yakitiwa kidonge cha kupimia, hugeuka rangi ya waridi. Kinachotafutwa ni klorini iliyobaki baada ya dawa kufanya kazi, kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Waridi hafifu mno maana yake dawa haikutosha, na waridi iliyokolea maana yake watoto watayakataa maji kwa ladha yake, na mama atarudi kisimani. Hayo ni mambo ya asubuhi moja kuyafundisha, lakini mikono huyazoea baada ya kuyarudia. Asiyewahi kuyafanya hatayajifunza kutoka kwenye karatasi huku watu 300 wamepanga foleni.

Na maji ni sehemu moja tu. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Katika siku za mwanzo wa dharura huvumiliwa hata 50. Hesabu hiyo ni ya kawaida kwa mashirika, lakini mjitoleaji wa mtaa akiijua, kazi yake hubadilika. Badala ya kusema kambi ina shida ya vyoo, anasema tuna watu 600 na vyoo vinane, tunahitaji 22 zaidi, na hapa pana udongo unaochimbika. Maombi ya namna hiyo hujibiwa. Mwenye kujua hesabu hiyo anajua pia kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Na anajua kwamba hayo ni ya kumfikisha mgonjwa kituoni akiwa hai. Hayachukui nafasi ya kituo.

Kisha kuna orodha, na hapa ndipo nimewahi kuona fikra nyingi za wapangaji wa misaada zikiteleza. Kajaga si mtaa wa watu wa aina moja. Kuna majumba mapya yenye kuta ndefu, kuna hoteli za ufukweni, na katikati yake kuna wavuvi, wapangaji wa chumba kimoja, na walinzi wanaoishi na familia zao katika nyumba ambazo bado hazijamalizika kujengwa. Ukiandika walioathirika kwa kuhesabu nyumba, unamwandika mwenye jumba ambaye amekwenda kulala kwa ndugu yake mjini kwa gari lake, na unamkosa mlinzi, mke wake na watoto wanne waliokuwa wakilala kwenye chumba cha nyuma. Ukiandika kwa kuuliza nani ni mkuu wa kaya, unamkosa mwanamke ambaye mume wake ana nyumba nyingine. Mtu anayetoka nje hawezi kuyajua hayo kwa siku moja. Nyumbakumi, kiongozi wa nyumba kumi za mtaa, anayajua. Lakini nyumbakumi naye ana ndugu na marafiki, na ana anayemdai. Kwa hiyo mjitoleaji afundishwe mambo mawili kwa pamoja: kuandika watu kwa chungu kimoja wanachokula, bila kujali hati ya nyumba ni ya nani, na kuisoma orodha hadharani, majina yasahihishwe na majirani wenyewe, isipokuwa yale ya ugonjwa na ya ukatili wa nyumbani ambayo hayasomwi popote. Orodha iliyoandikwa kiangazi, hata kama itahitaji kurekebishwa, ni bora mara nyingi kuliko ile inayoandikwa mvuani na mtu aliyechoka.

Mwenye orodha ana mamlaka, na mamlaka bila miiko ni hatari kwa wanyonge. Hili halihitaji kubuniwa. Tume huru iliyochunguza mwenendo wa wafanyakazi wa misaada wakati wa Ebola mashariki mwa Kongo kati ya 2018 na 2020 ilitoa ripoti yake Septemba 2021, ikawataja washukiwa 83 wa unyonyaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Hao 21 walikuwa watu wenye ajira na mishahara. Tukimpa kijana wa mtaa madaraka ya kugawa sabuni na mablanketi bila kumwambia waziwazi kwamba hakuna kitu cha msaada kinachodaiwa malipo yoyote, ya pesa wala ya mwili, na bila kumwambia mwanamke anayepokea ni wapi pa kupeleka malalamiko yake, tumetengeneza mlango wa dhuluma kwa mikono yetu. Ningependa somo hili litangulie la klorini. Na malalamiko yapelekwe kwa mtu ambaye si bosi wa mgawaji.

Je, mafunzo ya majirani yanaokoa watu kweli, au ni matumaini tu? Ushahidi mzito zaidi unatoka Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Baada yake serikali na Msalaba Mwekundu walianzisha mpango wa watu wa kujitolea vijijini, kila mmoja akiwa na kazi moja inayojulikana: huyu kupiga king'ora, yule kuhamisha wazee, mwingine huduma ya kwanza, mwingine nyumba za kukimbilia. Leo wajitoleaji hao ni zaidi ya 76,000, na karibu nusu yao ni wanawake, jambo lililokuja baada ya kuonekana kwamba katika kimbunga cha 1991 wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Kimbunga hicho cha 1991 kiliua takribani watu 138,000. Kile cha 2007, kilichokuwa na nguvu kubwa pia, kiliua karibu 3,400. Uaminifu unataka niseme kwamba katika miaka hiyo Bangladesh ilijenga pia nyumba za kukimbilia na ikaboresha utabiri, kwa hiyo upungufu wote wa vifo hauwezi kuhesabiwa kwa wajitoleaji. Lakini onyo la redio halimbebi bibi asiyeweza kutembea, na nyumba ya kukimbilia haina faida kwa anayeogopa kumwacha ng'ombe wake. Kilichounganisha utabiri na mguu wa mtu kilikuwa jirani aliyejulikana, aliyefanya mazoezi, na aliyeaminiwa kabla ya siku ile.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya haya ni la haki, na wanaolitoa si wabaya. Wanasema: Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Sheria hiyo ingefuatwa, na kingo za Rusizi zingejengwa ipasavyo, Kajaga isingehitaji wajitoleaji wa mafuriko. Kuwafunza wananchi kuishi na maji ni kuipa serikali na wenye majumba ruhusa ya kutotimiza wajibu wao. Nakubaliana kabisa na nusu ya kwanza. Mita 150 ziheshimiwe, na anayepewa kibali ndani yake awajibishwe kisheria pamoja na aliyekitoa. Lakini ukingo wa mto huchukua miaka, na huvunjika. Ziwa lililopanda 2024 lilifika pia mahali palipojengwa kwa uhalali na watu walioamini kipimo cha zamani. Na hoja ya wajibu inaweza kugeuzwa: kikundi cha majirani chenye orodha, chenye tarehe na vipimo vya maji yalipofika, ndicho shahidi mzuri kuliko wote mbele ya mkuu wa komini na mbele ya mahakama. Watu wasiojipanga husahauliwa maji yakishuka. Baada ya mafuriko ya Gatumba ya 2020 familia nyingi zilipelekwa kwenye mahema Maramvya, na zaidi ya miaka miwili baadaye bado kulikuwa na watu ndani ya mahema hayo.

Pingamizi la pili ni la tumbo. Burundi ni nchi maskini, na mvuvi au mama anayeuza ndagala akikaa siku nzima kambini, jioni nyumbani hakuna chakula. Wengine wanahitimisha kwamba kujitolea ni anasa ya wenye mishahara. Historia ya nchi hii inawakanusha. Msalaba Mwekundu wa Burundi una vikundi vya kujitolea mpaka kwenye ngazi ya mlima (colline), kitengo cha chini cha utawala, na wanachama wake wamehesabiwa kwa malaki. Vimesimama kwa sababu vilijengwa juu ya desturi ya ikibiri, ya majirani kulimiana kwa zamu, na kwa kuanza na kazi ndogo kama kumjengea mjane nyumba. Utayari haujawahi kupungua. Kinachopungua ni matunzo ya walio tayari. Mtu huyo anaingia kwenye maji ya choo bila viatu vya mpira, akiugua hana wa kumlipia matibabu, na akifanya kazi wiki mbili hakuna anayeuliza watoto wake wamekula nini. Msimamo wangu ni kwamba siku tatu za kwanza ni za ujirani na zisilipwe, lakini kuanzia hapo anayefanya kazi ya kutwa apewe posho inayolingana na kibarua cha siku, hadharani na kwa kiwango kimoja kwa wote. Wako wanaoogopa kwamba pesa itaua moyo wa kujitolea. Naona hatari kubwa zaidi upande wa pili: kazi ya miezi mitatu isiyo na posho itafanywa na wachache wenye uwezo, au na wenye uwezo wa kujilipa kutoka kwenye ghala.

Watu wa mjini nao wana nafasi yao: wanafunzi, waumini wa makanisa na misikiti, vijana wa Bwiza na Buyenzi wanaofika na gari limejaa nguo kila picha za mafuriko zinaposambaa. Moyo wao ni mwema, na wengi wana ujuzi. Lakini asiyejua mtaa huziba njia, huuliza maswali yale yale kwa mara ya kumi kwa mtu aliyepoteza kila kitu, na hutumia vyoo vichache vilivyopo. Haiti ilijifunza kwa uchungu Oktoba 2010 kwamba anayekuja kusaidia anaweza kuleta ugonjwa: kipindupindu kilichotokana na maji taka ya kambi ya walinda amani kiliua karibu watu 10,000. Kwa hiyo wageni wapokelewe na meza moja, waandikishwe, na wapewe kazi zilizo mbali na maji: ghala, usafiri, kuingiza orodha kwenye kompyuta, kutafsiri Kirundi, Kiswahili na Kifaransa pale ambapo waliokimbia kutoka Kongo wamechanganyika na wenyeji, kama ilivyotokea mwanzoni mwa 2025 maelfu walipovuka Rusizi wakikimbia vita. Wafundishwe hata kwa saa mbili namna ya kuzungumza na aliyefikwa: kutazama anahitaji nini, kusikiliza bila kumlazimisha asimulie, kumuunganisha na anayeweza kumsaidia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa hayo mwaka 2011, na hauhitaji mtu awe daktari wa akili.

Litakalosemwa mwisho ni kwamba mafunzo husahauliwa na watu huhama. Ni kweli, na ndiyo sababu semina ya siku tano hotelini, yenye vyeti, haifai kitu hapa. Jumamosi za kazi za jamii tayari zipo. Jumamosi moja ya Agosti, ardhi ikiwa kavu, itoshe kwa zoezi la mwaka: kupita nyumba kwa nyumba kurekebisha orodha, kutibu bidoni kumi za maji na kuzipima, kuhamisha wazee wa kuigiza hadi mahali palipokubaliwa, kufungua ghala na kuhesabu kilichomo. Ngazi za juu hazitulii. Mpangilio mpya wa utawala umepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na kila mabadiliko ya namna hiyo hupoteza mafaili na namba za simu. Mtaa ndio unaobaki pale pale. Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, hufuatilia mvua na kina cha ziwa, lakini kipimo chake cha mita juu ya usawa wa bahari hakimwambii chochote mama wa Kajaga. Kipimo hicho kihamishiwe kwenye nguzo tatu za mtaani kwa rangi: maji yakigusa alama ya kwanza, kikundi cha vyoo kinaanza kufunga mashimo na kuhamishia watu kwenye vyoo vya juu, yakigusa ya pili, wagonjwa, wazee na wajawazito wanahamishwa mchana huo huo bila kusubiri amri kutoka mjini. Mahali pa kupaka alama hizo paamuliwe sasa, pamoja na wavuvi wanaokumbuka maji ya 2021 na ya 2024 yalifika wapi, na ufunguo wa ghala uwe kwa watu wawili wanaolala Kajaga.